Vibao Vitatu Juu ya Donge

Ninyi watatu niliowaachia tanuri pale Makambako, pamoja na watakaokuja nyuma yenu, someni hii mkiwa mmekaa na mikono iwe imenawa. Mwezi niliostaafu mliniuliza habari za vibao vile vitatu vya mbao vinavyoning'inia kwenye chumba cha kuumulia mikate. Mmoja wenu alidhani ni majina ya hamira ya Ulaya. Mwingine, sitamtaja kwa sababu mama yake ni rafiki yangu, alidhani ni kinga ya wezi. Siku ile sikuwajibu kwa kuwa mikate ilikuwa tanurini, na mimi siongei na mtu wakati kuna kitu kwenye moto. Sasa nina nafasi. Miguu imekataa kazi lakini mkono haujakataa, ingawa ulitoka shule darasa la nne na herufi zake ni kubwa kama za mtoto. Mtavumilia. Habari za vyeo sitaziandika. Mkate hauulizi cheo cha aliyeukanda.

Nilianzia kazi misheni, upande wa Njombe. Nilifika kutoka Matembwe mwezi wa saba, mwanangu Zawadi mgongoni. Baba yake alikuwa amekwenda kupasua mbao, akapata huko mbao na mke. Nilikuwa nakaa kwa kaka yangu, na wifi alikuwa ameanza kuhesabu viazi kila nikitoka jikoni. Kwa hiyo niliposikia misheni wanatafuta mwanamke wa kuosha mikebe ya mikate, sikuuliza mara mbili. Asubuhi ile sakitu ilikuwa imelala juu ya majani, nyeupe kama chumvi. Nilipewa karai, maji ya bomba na rundo la mikebe iliyoganda mafuta. Vidole vilikufa ganzi hadi nikawa naviangalia kama vya mtu mwingine.

Aliyekuwa mkuu wa tanuri aliitwa Sista Eufemia. Alikuwa Mpangwa wa Ludewa, mfupi, mikono minene kama ya fundi seremala, na jicho moja halikuona vizuri. Saa nne akaja, akachukua mkebe mmoja niliouosha, akaupitisha ulimi pembeni, kisha mwingine.

"Huu umeoshwa," akasema. "Huu mwingine umepigwa maji."

"Nitarudia, Sista."

"Ndiyo, utarudia. Umekula?"

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Tangu siku hiyo sijakutana na mwingine wa kiasi chake, na nimekutana na wengi wenye vyeti.

Baada ya miezi miwili akanitoa kwenye karai, akaniingiza chumba cha kuumulia. Kilikuwa chumba kidogo, ukuta wake mmoja umepakana na tanuri, hivyo palikuwa na joto la mtu aliyelala. Mabakuli makubwa ya mbao yalikaa kwenye rafu, yamefunikwa mablanketi, na juu ya kila bakuli palikuwa na msumari. Kwenye msumari palining'inia kibao cha aina moja kati ya tatu: SURGET, SURGIT, SURREXIT. Alivichonga mwenyewe kwa kisu cha mkate, kisha akapitisha rangi.

Nikamuuliza kama ni Kiingereza. Akasema Kiingereza hakina adabu ya kutosha kukaa na donge. Hiki ni Kilatini, alichofundishwa alipokuwa msichana anayejiandaa kuwa sista, na hakuwa tayari kukiacha kikae kanisani peke yake huku yeye akishinda jikoni.

Basi akanifundisha hivi, nami nawapa kama nilivyopewa. Surget ni litaumuka. Surgit ni linaumuka. Surrexit ni limeumuka. Sisi tukisema linaumuka, tunamweka mwenye kazi mbele, ile *li*, kisha tunaweka wakati katikati, kisha kazi yenyewe. Walatini wanaanza na kazi, na mwenye kazi wanamweka mkiani. Ile T ya mwisho ndiyo mtu wao. Inaweza kuwa yeye, au hicho, au hilo donge, wao hawabagui. Kutoka litaumuka kwenda linaumuka wanabadilisha herufi moja tu, E inakuwa I. Lakini kazi ikishakamilika, neno lote linabadilika mwili. Surg inakuwa surrex. Sista aliniambia nivipime vibao kwa shibiri. Kile cha tatu ni kirefu kuliko vyote.

"Unaona," akasema, "limeumuka hadi kwenye maandishi."

Nilicheka, naye akanitazama mpaka nikaacha. Hakuwa anatania.

Jambo lililonikaa zaidi ni maana. Aliniambia neno hilo limeshonwa kwa vipande viwili vya zamani. Kimoja maana yake ni kutokea chini, kingine ni kunyoosha. Kwa hiyo kuinuka kwa Kilatini ni kunyooshwa kutokea chini, wala hakuna anayekuvuta kwa juu. Mimi nilikuwa nimelelewa nikidhani mtu huinuliwa: na mume, na kaka, na mkubwa fulani. Nilikaa na neno lile wiki nzima nikikanda.

Na ni neno lenye mikono mingi. Sisi donge linaumuka, jua linachomoza, mtu anaamka, aliyekaa anasimama, maji ya mto yanapanda, mfu anafufuka. Kila mmoja ana neno lake na hawachangii. Walatini, hao wote wanawapa neno hilo moja. Siku moja padri mgeni aliyesoma sana aliingia akaviona vibao, akatabasamu.

"Sista, kwa Kilatini cha vitabu, donge lina neno lake jingine."

"Padri umewahi kuoka?"

"Hapana."

"Chukua mkate, Padri. Huo wa pembeni umeiva vizuri."

Akachukua, akaenda zake.

Namna ya kujua wakati wa kubadilisha kibao ni kidole, na hii muishike hata mkisahau Kilatini chote. Bonyeza donge kidole kimoja hadi kwenye kucha. Shimo likirudi haraka, bado linaumuka, liacheni. Likirudi polepole, kama mtu mzima anayeinuka kwenye kigoda, limeumuka, likateni. Lisiporudi kabisa limepitiliza. Sista alisema hilo halina Kilatini, lina kuku tu wa kulila.

Sasa niandike kosa langu, maana mtu anayeandika kumbukumbu akaacha makosa yake anawaandikia watu tangazo.

Pasaka moja ilikuja katikati ya mvua kubwa. Mnaijua masika ya kwetu, mvua ya ubaridi inayoingia kwenye mifupa. Tulikuwa na mikate ya kuoka Jumamosi kwa ajili ya wodi za hospitali yetu, wanafunzi wa bweni na watu wa vigango ambao wangetembea kutoka mbali kuja kusali. Lori la kutuletea mahitaji lilikuwa limekwama kwenye tope la njia ya misheni, tena lilikuwa limelala ubavu. Tulibakiwa na kopo moja la hamira. Linatosha, Sista alisema, na akaniachia funguo za stoo.

Ijumaa jioni niliingia stoo kufunga, nikaligusa lile kopo. Lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni. Mimi mtu wa Matembwe nimelelewa hivi: kitu kikiwa na baridi, kisogeze motoni. Mtoto, kuku aliyenyeshewa, viatu, mbegu, bibi. Nikaichukua hamira, nikaiweka juu ya mlango wa tanuri, pale matofali yanapounguza kiganja. Nikaondoka nimeridhika kabisa. Nilidhani nimeihurumia.

Jumamosi alfajiri nilimkuta Sista ameinamia bakuli dogo la maji ya vuguvugu na sukari.

"Otilia, njoo uone. Imelala au imekufa?"

Nikatazama. Hakukuwa na povu hata la kumwonyesha mtu. Hamira ilikuwa imezama chini kama mchanga.

"Kopo lilikaa wapi?"

Hapo nisikilizeni. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kusema lilikuwa stoo, na lawama ingekwenda kwa aliyeiuza. Kichwani mwangu niliona mlango wa kaka yangu, na wifi amesimama ameshika kiuno akiniona narudi na mtoto mgongoni. Mdomo ulikauka.

"Nililiweka juu ya mlango wa tanuri, Sista. Niliona linapata baridi."

"Uliona linapata baridi."

"Ndiyo."

"Ukaliotesha moto."

"Ndiyo, Sista."

Akalimwaga lile bakuli. Kisha akauliza, "Kwenu mkitaka pombe ichachuke, mnaiweka juu ya moto?"

"Hapana. Ukiiweka motoni inaiva tu. Inakufa."

"Basi ulikuwa unajua," akasema. "Ulijua kwa pombe, ukasahau kwa mkate."

Lile swali la pombe ndilo lililonifungua. Nikasema, "Sista, ulanzi hautiwi hamira na mtu, na unachemka wenyewe."

Akanigeukia na lile jicho zima. Ulanzi ni maji ya mwanzi, wakati wa mvua unakata ncha ya mwanzi mchanga na yanadondoka hadi asubuhi. Lakini misheni ilikuwa na sheria getini: mfanyakazi akinuka ulanzi anaondoka siku hiyo hiyo, na kuuingiza ndani ya uzio ilikuwa vilevile. Sheria hiyo iliwekwa na Sista Mkuu, mkubwa wa misheni yote, na pua yake ilijulikana hadi Makete alikotoka.

Sista Eufemia akamwita Baba Alani, mzee aliyekuwa anachochea tanuri kwa kuni za miwati.

"Baba Alani, una ulanzi?"

"Mimi, Sista? Ulanzi?"

"Hatuna muda, Baba."

"Upo kidogo," akasema. "Wa dawa."

"Mtogwa au mkangafu?"

Mtogwa ni ule mtamu wa asubuhi, hauna nguvu. Mkangafu umekaa siku mbili tatu, unaangusha wanaume, na mkate ungeufanya mchungu.

"Wa jana mchana," akasema Baba Alani. "Uko katikati. Bado unacheka."

Aliuleta kwa baiskeli, dumu limefukiwa katikati ya kuni, akapita mbele ya baraza la Sista Mkuu akimsalimia "Kamwene, Mama" kwa sauti ya mtu asiye na dhambi. Tukauchuja kwa kitambaa, tukaupasha kwa kuweka ndoo ndani ya maji yenye joto la kuogeshea mtoto, si zaidi. Ulikuwa na povu jembamba linalosema kama mafuta yanayoanza kupata moto. Tukakanda. Saa moja asubuhi madonge yote yalikuwa kwenye mabakuli, na Sista akatundika vibao vya SURGET mpaka vikaisha, mabakuli mengine akayaandikia kwa mkaa.

Saa tatu Sista Mkuu akaingia. Akasimama mlangoni, pua juu.

"Nani amekunywa humu ndani?"

Baba Alani akatazama dari.

"Mkate, Mama," akasema Sista Eufemia. "Sisi bado."

Sista Mkuu hakucheka. Alikuwa Mkinga wa Iwawa, na watu wa kule kicheko wanakiweka akiba. "Sheria ya geti unaijua."

"Naijua. Hamira imeharibika, Mama, na lori limelala."

Alisema imeharibika, akaishia hapo. Alikuwa amenifunika kama anavyofunika donge. Ningeweza kukaa chini ya blanketi lile hadi leo. Lakini nilimwona yule mama mfupi amesimama mbele ya mkubwa wake, na kosa langu liko juu ya kichwa chake, na yeye hatikisiki. Nikaona aibu kuliko hofu.

"Niliiharibu mimi, Mama," nikasema. "Niliiweka juu ya tanuri. Na ulanzi nimeushauri mimi. Baba Alani ametumwa tu."

Akanitazama. "Wewe ndiye mwenye mtoto?"

"Ndimi, Mama."

"Nitarudi kengele ya saa tisa. Nikikuta mkate, tutazungumza mkate. Nikikuta uji wa ngano na ulanzi, Jumatatu utakwenda kwenu, na Alani naye."

"Na mimi, Mama?" akauliza Sista Eufemia.

"Wewe nitakuombea."

Basi tukangoja. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kungoja. Saa nne, donge limekaa kama jiwe. Saa tano, vilevile. Nilifunua blanketi mara nyingi hadi Sista akanipiga kiganja.

"Unalitia baridi. Acha."

"Haliumuki, Sista."

"Liko hatua ya kibao chake. Kinasema litaumuka, hakijasema linaumuka." Kisha akasema, kwa upole ambao hakuwa nao kila siku, "Kuna namna moja ya neno hili sikuichonga. Surge. Ni amri, inuka. Mtu unaweza kumwamuru. Donge haliamriwi, ndiyo maana halina kibao cha amri. Nenda kaoshe mikebe."

Nikaenda. Niliosha mikebe iliyokwisha kuoshwa. Zawadi alikaa chini karibu yangu akilamba unga kwenye vidole, hajui kama Jumatatu analala Njombe au Matembwe.

Saa saba kasoro Baba Alani aliniita, sauti ndogo. Blanketi la bakuli la mwisho, lililokuwa limelala chini katikati, lilikuwa limenyooka. Hakuna aliyelivuta. Sista alikuja akaweka sikio juu ya bakuli kama mkunga, akasikiliza, akabadilisha kibao. SURGIT. Saa nane nilibonyeza kidole, na shimo likarudi polepole.

"Geuza mwenyewe," akasema.

Nikakitundika kile kirefu, SURREXIT, na kamba ikanishinda mara mbili.

Tukakata, tukajaza mikebe, tukaiacha ipumzike kidogo, tukaingiza. Kengele ya saa tisa ilipolia mkate ulikuwa bado ndani. Sista Mkuu alifika na kengele yenyewe.

"Uko wapi?"

"Tanurini, Mama."

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mlango wa tanuri, mikono kwenye mapaja. Sista Eufemia hakufungua mapema hata kwa ajili yake, na hilo nalo nililiweka moyoni: mkubwa akikaa mlangoni, tanuri halijui. Ulipotoka, ulikuwa mweusi kidogo kuliko wetu wa kawaida, ganda gumu, una harufu ya mwanzi uliokatwa. Sista Mkuu aligonga chini ya mkate, akasikia mlio wa ngoma. Akakata, akala. Akakata tena.

"Una uchachu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akakata mara ya tatu. "Wodini wapewe kwanza."

Akainuka. Mlangoni akageuka, na nilijua sasa ndiyo nafukuzwa. Akasema, "Otilia. Kuanzia leo kopo la hamira ni lako. Lisishikwe na mtu mwingine."

Sikuelewa siku ile. Nilidhani ni adhabu ya aina yake. Baadaye nilipokuwa na watu chini yangu ndipo nilielewa alikuwa anatafuta kitu kimoja tu katika watu wote wa misheni ile: mtu ambaye hamira ikiharibika, atasema.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa hadi nje kwenye mvua. Wanakwaya walipoimba surrexit, Sista Eufemia akanigusa kwa kiwiko, macho yake mbele, uso haujabadilika. Nilikuwa nimelisikia neno lile tangu utoto nikidhani ni la altareni peke yake. Siku ile lilikuwa na unga.

Mambo ya Makambako mnayajua, nitayapitia upesi. Nilipohamia huko kuoka kwa ajili ya watu wa mabasi na malori, Sista alinipa vibao vyake vitatu, kimoja cha kila aina, akasema atachonga vingine. Makambako kuna upepo na haraka. Dereva anapiga honi, abiria anataka mkate sasa hivi, na wasaidizi niliokuwa nao mwanzoni walikuwa wanageuza kibao ili niwape ruhusa ya kukata. Nikawaambia kibao hakiumui. Aliyebisha nilimpa mkate wake mwenyewe ale mbele ya wateja. Sista nilimtembelea kila Pasaka nikiwa na mkate, naye kila mara aliugonga chini kabla ya kunisalimia. Alipofariki, sisi aliotufundisha tuliwaokea mikate waombolezaji wote, na hakuna aliyetusimamia. Sijui sifa nyingine kubwa zaidi ya hiyo kwa mtu wa kazi.

Nilidhani nitaishia hapo. Lakini juzi, nikiandika ukurasa huu, nilikwenda nyuma ya banda la kuku kutafuta jembe, nikakuta sufuria yangu kubwa imefunikwa majani ya mgomba. Maharage yameungua ndani hadi yamekuwa mkaa. Nikaiacha palepale. Jioni nikawaita wajukuu wote wanne. Walisimama mstari mmoja ukutani, wanaangalia miguu yao, na mmoja alikuwa anameza mate pasipo na mate. Koo lile nalijua.

Nikawaambia: "Kuanzia leo, ndani ya nyumba hii hakuna atakayegombezwa kwa kuharibu. Atakayegombezwa ni wa kuficha. Sasa nendeni mkailete, na majivu, muisugue wote wanne, na aliyeiunguza ndiye atakayepika kesho."